Nyoka, Miwani na Mdomo Wenye Zipu

Kazini walimwita Nukta. Alikuwa msahihishaji katika kiwanda kidogo cha uchapaji, chumba cha pili kutoka mlangoni, ambako mngurumo wa mashine ulipenya ukutani na kutikisa chai kwenye kikombe. Kila kilichochapwa pale kilipita kwanza chini ya macho yake: kadi za harusi, kalenda, vipeperushi vya dawa ya mende, ratiba za mazishi. Siku moja alisimamisha mashine nzima kwa sababu marehemu alikuwa ameandikwa "amefarijika" badala ya "amefariki." Tangu hapo hata bosi aliacha kumharakisha.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Aliwahi kuolewa, ikashindikana, hakubahatika kupata mtoto, na sasa alikaa peke yake kwenye vyumba viwili vyenye vitabu vingi kuliko viti. Mama yake aliishi mwendo wa nusu saa kwa miguu, kwenye ua mmoja na mdogo wake Nukta, ambaye alikuwa fundi majokofu, na mke wa huyo mdogo wake. Mke huyo alikuwa na saluni ya kusuka nywele pale pale kona ya mtaa. Yeye na Nukta waliitana wifi, na Nukta alikuwa akilitamka neno hilo kwa midomo iliyobana kidogo, kama mtu anayeonja dawa.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, Nukta alimwandikia mama yake meseji. Haikuwa meseji ya "mambo" na "poa." Alianza na shikamoo, akaeleza alivyolala, nani amegombana na nani kazini, kitu gani kimemchekesha njiani. Aliweka mkato pahali pa mkato, na habari mpya aliianzishia mstari wake. Mama alikuwa akijibu baadaye sana, mara nyingine mchana, kwa dole gumba. Dole gumba moja, la njano, limesimama. Siku za bahati aliongeza moyo mwekundu.

Akimpigia simu, Mama alikuwa mchangamfu kama kawaida.

"Meseji yangu umeiona, Mama?"

"Nimeiona, mwanangu. Umeandika vizuri sana."

Nukta aliridhika na dole gumba lake kwa muda mrefu. Aliamini Mama ni mtu wa maneno machache kwenye simu, basi, na mtu humpokea mzazi wake alivyo.

Halafu ikaja Jumapili moja. Walikuwa wamekaa sebuleni kwa mdogo wake, chakula kiko mezani, wanamsubiri Mama avuke ua aje. Simu ya wifi yake ikalia juu ya kitambaa cha meza. Wifi akaitazama, akacheka mpaka akajishika kifua.

"Kuna nini?" Nukta akauliza.

"Mama huyu! Anasema yule kuku wake mkaidi hatimaye ametaga, jana moja na leo moja, na anakuja nayo akishamaliza kujipamba."

Nukta akanyoosha shingo. Kwenye kioo hapakuwa na neno hata moja. Palikuwa na kuku, mayai mawili, jua, mwanamke aliyevaa gauni jekundu anacheza: 🐔🥚🥚☀️💃🏾. Juu yake palikuwa na safu nyingine, na juu ya hiyo nyingine tena, zinapanda mpaka mwisho wa kioo. Hapakuwa na dole gumba la peke yake popote.

Mama yake, ambaye kwake alikuwa bubu, huku alikuwa anaongea bila kupumua.

"Mimi hizo picha sizipendi," alisema, akikunja kitambaa cha mkononi. "Ni za watu wasiojua kuandika. Mtu akishindwa maneno anakimbilia vikatuni."

Mama alikuwa ameshafika mlangoni, mayai mawili mkononi. Aliyaweka mezani polepole, moja halafu jingine, akaketi. Mdogo wake Nukta akaanza kuzungumzia jokofu la mteja mmoja lililokutwa na panya ndani, na chakula kikaliwa.

Tangu Jumapili ile wivu ulihamia kwa Nukta na mizigo yake yote. Akiwa anasahihisha kadi ya harusi, anawaza kuku na mayai. Akiona mtu barabarani anacheka na simu yake, anahisi anachekwa yeye. Alijiuliza yule mwanamke amempa nini mama yake ambacho mtoto wa kumzaa hakuwa nacho. Kusoma hakusoma sana, hilo lilijulikana. Kuongea, aliongea kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili. Na bado asubuhi hadi jioni simu yake ilikuwa inajaa jua na kuku.

Wivu ule ukaanza kuingia kwenye meseji za asubuhi. Mwanzoni ulikuja kama utani. Jumanne aliandika kwamba wifi anapika kama mtu anayeiadhibu sufuria. Alhamisi akaandika kwamba kicheko chake kingefaa kufukuzia ndege shambani. Jumatatu iliyofuata, baada ya kusikia kwamba Mama na wifi wamekwenda pamoja kununua mapazia, aliketi kitandani na kuandika hivi: "Miaka sita yuko nyumbani kwetu, Mama, na hata mjukuu hajakuletea. Ila mapazia anajua kuchagua."

Aliisoma mara mbili. Haikuwa na kosa. Akaituma.

Jibu lilikuja saa nane mchana. Dole gumba. Nukta akalitazama kwa furaha aliyokuwa hajaipata siku nyingi, kwa kuwa alilielewa hivi: Mama anakubaliana na mimi. Siku ile alifanya kazi akiimba chinichini.

Jumamosi alipita saluni kumpelekea wifi yake chupa ya chai ambayo Mama alikuwa ameisahau nyumbani kwa Nukta. Wifi alikuwa na kichwa cha mteja mapajani, vidole vyote vimejaa mafuta na nywele za bandia.

"Wifi, umekuja wakati mzuri! Hebu chukua simu yangu hapo. Nimeandika tangazo la saluni, niangalizie maneno. Wewe ndiye mtaalamu."

Wiki ile wifi alikuwa mpole kwake. Mpole mno, na hakumtazama sana usoni. Nukta aliona hilo akalipuuza.

Tangazo lilikuwa la mistari minne na makosa saba. Aliyasahihisha. Halafu kidole chake, ambacho maisha yake yote hakikuwahi kugusa barua ya mtu, kikafungua meseji za Mama.

Aliona nyoka. Nyoka wa kijani, miwani, uso wa njano uliofungwa mdomo kwa zipu, mwanamke anakimbia: 🐍👓🤐🏃🏾‍♀️. Safu hiyo hiyo ilikuwa pale Jumanne. Ilikuwa pale Alhamisi. Jumatatu ilikuwa pale tena. Aliposogeza juu, nyoka walikuwa wanateremka wiki baada ya wiki.

Katika ukoo wao mzima aliyevaa miwani kutwa alikuwa mmoja tu, yeye.

"Vipi, yamekaa sawa?" wifi akauliza.

"Yamekaa," Nukta akasema, akairudisha simu mezani, akatoka bila kuaga.

Jumatatu asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, alimfuata binti wa kompyuta pale kiwandani, yule aliyekuwa akipanga kurasa. Walimwita Mitandao, kwa sababu habari zote alikuwa nazo kabla ya wenyewe.

"Nifundishe hivi vikatuni," Nukta akamwambia.

Mitandao akamtazama kama mtu aliyeona paka anasoma gazeti. "Wewe, dada? Haya, kaa. Ukiona fuvu, mtu hajafiwa, amekufa kwa kicheko. Ukiona macho mawili na kikombe cha chai, hapo kuna umbea unamiminwa. Kofia ya buluu, unaambiwa unadanganya. Moto na mia moja, umependeza mpaka basi. Kiti kitupu pia kicheko, usiniulize kwa nini. Na haya mambo hubadilika. Ukimtumia bibi yako fuvu ataita majirani."

"Na nyoka?"

"Nyoka ni nyoka, dada. Mnafiki. Anakuchekea mchana, akikupa kisogo anakuuma."

Nukta akachora kwenye karatasi: nyoka, miwani, mdomo wenye zipu, mwanamke anakimbia.

Mitandao akaipindua karatasi huku na huku. "Hiyo ni rahisi. Yule nyoka wa miwani anakuja, nyamazeni, kimbia. Nani kaandikiwa?"

"Hakuna," Nukta akasema, na mkono wake ukaikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama punje.

Hakufika hata saa nne. Alimwambia bosi kichwa kinamuuma, kitu ambacho hakuwahi kusema kwa miaka kumi na mitatu, akaenda moja kwa moja saluni. Wateja wawili walikuwa wamekaa, mmoja kichwa chake kiko ndani ya mashine ya kukausha nywele.

"Mimi ni nyoka?" akauliza akiwa bado mlangoni.

Wifi yake akainuka na chanuo mkononi. "Wifi, karibu. Umesemaje?"

"Nimeona kwenye simu yako. Nyoka mwenye miwani. Kila nikija mnafunga midomo na kukimbia. Umemlisha nini mama yangu, hata aniite nyoka kwako wewe?"

Yule wa kwenye mashine akatoa kichwa ili asikie vizuri. Nukta alisubiri kwa hamu matusi yaje, maana alikuwa amejiandaa kwa matusi. Hayakuja.

"Si langu kulisema hilo," wifi akasema taratibu. "Nenda kwa Mama. Mwambie umeona. Mwambie mimi sijasema kitu."

Ule utulivu ulimuuma Nukta kuliko kofi. Hata siri ya mama yake, mlinzi wake alikuwa huyu.

Mama alikuwa uani anaanika mashuka. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amefua nguo za hospitali, na hadi leo shuka likipita mikononi mwake alilinyoosha kwa mikupuo miwili, likanyooka kama limepigwa pasi. Nukta alisimama upande wa pili wa kamba.

"Mama, kwa nini mnaniita nyoka?"

Mama akauliza, "Nani kakuambia?"

"Nimeona mwenyewe. Yeye amekataa kusema."

Mama alibana kibanio cha mwisho. Halafu akavuta ndoo, akaigeuza, akakalia.

"Nyoka si wewe, mwanangu. Nyoka ni meseji zako. Zinateremka, zinateremka, kama nyoka anaingia shimoni. Miwani ndiyo wewe. Ile nikituma, mwenzangu anajua: imekuja ndefu kutoka kwa mwenye miwani, njoo mbio, na usimwambie mtu."

"Njoo ufanye nini?"

"Unisomee."

Shuka liliinuliwa na upepo, likamfunika Nukta uso, akaliondoa.

"Miwani nimekununulia, Mama. Mara mbili."

"Miwani ni mizuri. Naona mpaka mchwa. Ila sijui kusoma, mwanangu. Sijawahi kujua. Kusaini najua, jina langu nililijifunza kama mtu anavyojifunza kuchora kikombe. Kule udobi hatukuhitaji maandishi. Mashuka yalikuwa na alama za uzi, nyekundu ya wodi ya watoto, kijani ya wazazi, msalaba wa chumba cha upasuaji. Baba yako alikuwa anajua. Ndiye aliyekuwa ananisomea ripoti zako, na nilimwapisha."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

Mama aliitazama mikono yake. "Ulikuwa na miaka saba. Ulikuja na daftari, ukasema, Mama, niangalizie kama nimekosea. Nikaangalia, nikakuambia hujakosea popote. Kesho yake ulirudi umechapwa, makosa matano. Ulinitazama tu, hukusema kitu. Na hukuniletea daftari tena. Ningeanzia wapi kukuambia, baada ya hapo?"

Nukta aliikumbuka siku ile. Miaka yote aliamini Mama hakujisumbua hata kuangalia.

"Na yeye ulimwambia?"

"Yeye sikumwambia. Alinigundua, wiki ya kwanza tu. Aliona nasema miwani nimeiacha ndani, akacheka, akasema, Mama, hiyo ya miwani hata mimi naitumia. Aliishia darasa la nne. Anasoma kwa kuvuta, herufi kwa herufi. Ndipo tukaanza na hizi picha. Nikaona zinafanana na zile nyuzi zangu. Kwako nisingethubutu. Jumapili ile ulisema ni za wasiojua kuandika, na ulisema kweli."

Hapo ndipo akili ya Nukta ilipofika pale ambapo moyo wake ulikuwa unakataa kwenda.

"Mama. Zile nilizoandika juu yake."

"Alizisoma."

"Zote?"

"Zote. Ile ya kuadhibu sufuria alicheka mpaka akakaa chini. Kwa wiki nzima alikuwa anasema, ngoja nikaiadhibu sufuria."

"Na ile ya Jumatatu?"

"Ile aliivuta kama zote. Ha, ja, ku, le, te, a. Alipofika mwisho aliona mwenyewe amesoma nini. Akanywa maji. Nikamwambia iache, akasema hapana, Mama, haijaisha, akamalizia ya mapazia. Dole gumba nilituma mimi, sikujua nitume nini kingine. Halafu akarudi kazini kwake."

Nukta aliketi chini, kwenye saruji iliyolowa maji ya mashuka, na sketi yake ya kazini. Alilia kwa aibu, lakini ndani ya aibu ile, na hili alilikiri baadaye mwenyewe, wivu ulikuwa bado haujatoka. Hata katika kuumizwa, wifi yake alikuwa amekaa na mama yake, bega kwa bega, wanaivuta sentensi moja. Yeye aliiandika akiwa peke yake.

Kesho yake asubuhi alifika saluni kabla haijafunguliwa, akamkuta wifi yake anafagia.

"Nimekuja kuomba msamaha," akasema. "Kwa yale ya mjukuu. Mimi wa kusema hayo, mimi ambaye sina mtoto. Sijui niliandikaje."

"Uliandika vizuri," wifi akasema bila kuinua kichwa. "Hakuna herufi iliyokosewa. Ningependa ungekosea, nisingeielewa."

Alifagia mpaka kizingitini, akaegemeza ufagio ukutani.

"Mwaka jana na mwaka juzi mimba zilitoka mbili," alisema. "Mama anajua. Mume wangu anajua. Wewe hukuwa unajua, kwa hiyo nilijilazimisha kusema hukuwa unajua." Akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Na nikuambie kitu kingine. Unaniona mimi ndiye wa Mama. Unajua nikimsomea zile meseji zako anafanyaje? Ananiambia rudia hapo. Pale uliposema yule marehemu amefarijika, nilirudia mara nne. Ananikatiza, anasema, huyo ndiye mwanangu, sikia anavyoongea. Mimi nimekaa pale nimechoka, nywele za watu zinanisubiri, namsomea sifa zako. Unafikiri mimi sina roho?"

Katika watu wote, Nukta hakufikiria kamwe kwamba mtu angeweza kumwonea yeye wivu.

Hawakukumbatiana. Wifi alimnyooshea kiti, akamwambia nywele zake zinatia huruma, akae azisuke, na Nukta akakosekana kazini kwa mara ya pili katika wiki moja. Mara moja wifi alivuta nywele kwa nguvu kupita kiasi, Nukta akauma meno, na wote wawili walijua haikuwa bahati mbaya.

Mama alikataa kufundishwa kusoma. Nukta alijitolea, akaleta hata kitabu cha darasa la kwanza, Mama akakipokea kwa heshima na kukiweka juu ya kabati. "Umechelewa miaka thelathini na tano," alimwambia. "Sasa jifunze wewe." Wakakaa uani Jumapili tatu mfululizo, Mama akimwonyesha. Fuvu kwa Mama lilikuwa fuvu. Macho mawili ni yule jirani wa dirishani. Samaki ni mdogo wake Nukta, kwa sababu utotoni alikuwa hatoki kwenye karai la maji. Saa ya mchanga ni subiri, na pia ni wali haujaiva. Nukta alitaka kubisha kwamba alama moja haiwezi kuwa na maana mbili, akajizuia, akaandika kwenye daftari.

Meseji za asubuhi aliendelea kuzituma, sasa kwa sauti. Alirekodi akitembea kwenda kazini, na Mama akazisikiliza huku anachambua mboga. Zile ndefu za maandishi alibaki akimwandikia mara moja kwa wiki, kwa kuwa wifi aliomba. Alisema amezoea, na kwamba siku hizi anavuta haraka zaidi. Nukta aliziandika akijua ni macho ya nani yatakayozipitia, na maneno mengine aliyafuta kabla ya kuyamaliza.

Safu za Mama zilianza kuja kwake pia. Zilikuwa fupi. Jua, kikombe, moyo. Alipokuwa kwao Jumapili na simu ya wifi ikalia, jicho lake bado lilikimbilia pale, likahesabu. Wifi alikuwa akipata nane, tisa, na kicheko. Yeye tatu, siku nyingine nne. Alijionya mwenyewe, mwanamke mzima, na wiki iliyofuata akahesabu tena.

Kisha Jumatano moja saa tatu asubuhi, akiwa na kalenda ya mwaka mzima mbele yake, simu ilitikisika. Jino, damu, mikono miwili imeinuliwa juu, uso unaocheka, nyumba: 🦷🩸🙌🏾😁🏠. Alilitoa daftari kwenye mkoba, halafu akagundua halihitaji. Lile jino lililomtesa Mama tangu mwezi uliopita lilikuwa limeng'olewa, damu imekoma, na Mama amesharudi nyumbani.

Alimpigia simu. Maneno ya Mama yalikuwa yametafunwatafunwa kwa pamba iliyokuwa mdomoni.

"Umemwambia nani mwingine?" Nukta akauliza.

"Bado. Nimeanza na wewe."

Adhuhuri wifi, aliyekwama saluni na wateja, alimtumia Nukta meseji ya maneno manne, yenye kosa moja, akiuliza kama ana habari yoyote ya Mama, maana simu yake haipokelewi. Nukta aliisoma. Alijua Mama amelala, kama alivyoaga kwenye simu, na kwamba kumjibu ni kazi ya dakika moja. Akaiweka simu kifudifudi mezani, akarudi kwenye kalenda yake, akasahihisha Aprili, Mei na Juni, na ile habari akakaa nayo peke yake mpaka saa nane ndipo akajibu.